Tshibumba: Mchoraji wa magunia ya unga aliyejiita mwanahistoria

Hebu inua macho uangalie ukuta wa sebule ya kwenu. Kuna nini pale? Kama nyumba yenu inafanana na nyingi nilizoingia hapa Machakos, kuna kalenda ya sacco au ya duka la dawa za mifugo, picha ya harusi ya wazazi, picha ya Yesu, na pengine ile ya dada yako siku aliyohitimu chuo, kofia imekaa upande. Kwa shangazi yangu kule Mutituni kuna pia saa iliyosimama tangu sijui lini, na hakuna anayethubutu kuiondoa.

Sasa fikiria umekaribishwa nyumba ya watu, unakaa, unainua macho, na juu ya kochi kuna picha ya mtu amelazwa kifudifudi chini, suruali imeteremshwa, askari mweusi anamcharaza kiboko na mzungu amesimama kando anavuta kiko chake taratibu. Nyuma yao bendera inapepea. Na hiyo picha mwenye nyumba ameinunua kwa mshahara wake mwenyewe, akaitundika pale ambapo hakuna mgeni anayeweza kuikwepa. Ungeuliza, si ndiyo? Hata ungekuwa mtu wa haya namna gani, chai ikishamiminwa ungeuliza.

Sebule nyingi za Lubumbashi, kusini mwa nchi ambayo leo tunaiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikuwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na mmoja wa watu waliozijaza picha za aina hiyo ndiye jamaa ninayetaka umjue leo. Anaitwa Tshibumba Kanda-Matulu. Hakufunzwa kuchora katika chuo chochote cha sanaa. Alishika brashi, akatazama wenzake wanavyofanya, akaendelea. Utajiuliza, Lubumbashi na Machakos wapi na wapi? Vumilia, tutarudi nyumbani kabla ya jioni.

Tshibumba alizaliwa 1947 katika mji huo huo, enzi hizo ukiitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Wazazi wake walikuwa Waluba wenye asili ya Kasai. Mji wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya shaba. Wabelgiji waliuanzisha 1910, na kampuni kubwa ya madini, Union Minière, ndiyo iliyokuwa baba na mama yake: kazi kwake, nyumba kwake, posho kwake, na fimbo kwake pia. Watu walikuja kutoka kila upande kutafuta ajira, kila mmoja na lugha yake, na ili waelewane wakashika Kiswahili. Si hiki cha mtihani wa KCSE, la. Ni Kiswahili cha migodini, kilichokula Kifaransa na lugha za huko, chenye sarufi inayoweza kumtoa machozi mwalimu wako. Lakini ni Kiswahili, na ndicho alichosimulia nacho mambo yake yote.

Hesabu kidogo nami hapa, kwa sababu miaka hii ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa. Akiwa na miaka 13, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikapata uhuru na Patrice Lumumba akawa waziri mkuu. Haikufika hata wiki mbili, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kwamba jimbo la Katanga, lenye shaba yote ile, limejitenga na ni nchi yake yenyewe. Mji wa kina Tshibumba ukawa makao makuu ya nchi hiyo mpya. Waluba kutoka Kasai wakageuziwa macho. Walisakwa, wakakimbia, na maelfu kwa maelfu yao wakajazana kwenye kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji. Januari 17, 1961, Lumumba aliletwa Katanga kwa ndege akiwa amefungwa, pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku huo huo wakapigwa risasi msituni, si mbali na mji ambao kijana wetu alizaliwa. Mwaka 1963 Katanga ikarudishwa Kongo kwa nguvu. Mwaka 1965 Mobutu akapindua serikali. Elisabethville ikaitwa Lubumbashi. Mwaka 1971 Kongo ikaitwa Zaire, na Katanga nayo ikapewa jina la Shaba.

Umeona? Mtu aliyezaliwa mji ule 1947 alifika umri wa miaka 24 akiwa amebadilishiwa nchi mara tatu bila kupanda hata basi. Kila mara bendera mpya, wimbo mpya, picha mpya ya mkubwa ofisini. Na kila aliyeingia aliwaambia watu wasahau ya jana.

Biashara ya picha ilikuwa hivi. Mchoraji hanunui turubai ya dukani, pesa atoe wapi? Anachukua kitambaa cha magunia ya unga, anakivuta kwenye fremu ya mbao, anapaka rangi za kawaida. Picha ikikauka anaibeba mkononi, anapita nyumba kwa nyumba, au anazianika kando ya barabara mahali wafanyakazi wanapita siku ya mshahara. Wateja wake si watalii wala wazungu wenye majumba ya sanaa. Ni karani, ni fundi wa mgodini, ni mwalimu, ni mwenye baa. Nao wanajua wanachotaka. Kuna anayetaka mamba muntu, yule mwanamke nusu mtu nusu samaki, mwenye nywele ndefu, anayempa mtu utajiri kisha kudai malipo mazito. Kuna anayetaka mandhari ya kijiji alichokiacha. Kuna anayetaka Lumumba. Na wengi walitaka ile niliyokueleza mwanzo, ya kiboko na bendera ya Mbelgiji, ambayo huko iliitwa kwa Kifaransa Koloni ya Ubelgiji na ikachorwa na wachoraji wengi, mara nyingi mno, bila mtu kuona aibu kuigiza ya mwenzake. Mteja akiipenda ya jirani, unamchorea kama ya jirani. Tshibumba naye alichora ya aina hiyo nyingi. Ndiyo iliyomlisha.

Kuna neno moja walilolitumia kwa picha hizi, nalo ni letu sote: ukumbusho. Usilichukue kama ile zawadi ya kununua Mombasa ukirudi safari, kikombe chenye twiga. Kwao ukumbusho ni kitu kinachokukumbusha kwa kukulazimisha ufikiri. Picha inakaa ukutani, mtoto anauliza yule ni nani anayepigwa, babu anaanza kusimulia, mgeni anaongeza ya kwao, jirani anabisha. Chini ya Mobutu haikuwa salama kusimama sokoni ukajadili dola inavyowatendea watu. Lakini nani angekukataza kueleza picha ya zamani, ya enzi za Wabelgiji, iliyo sebuleni kwako? Na kama wakati unaieleza msikilizaji akaona yule askari anafanana sana na askari wa leo, hiyo ni shauri yake.

Wenzake wengi waliishia hapo, picha moja moja. Tshibumba ndiye aliyetaka kuziunganisha. Kichwani mwake picha hizi zilikuwa kurasa za kitabu kimoja ambacho hakuna aliyekiandika: historia nzima ya nchi yake, tangu wazee wa kale mpaka jana, kama walivyoijua watu wa mitaa ya Lubumbashi. Alijihesabu mchoraji, ndiyo, lakini alijihesabu pia mwanahistoria, na alilitamka neno hilo bila kigugumizi. Fikiria ujasiri huo. Hana digrii, hana hata wadhifa wa karani, anauza picha mlangoni kwa watu, na anasema yeye ni mwanahistoria. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyofanya.

Mwishoni mwa 1973 mlango aliobisha ulikuwa wa Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Fabian alikuwa anakisoma Kiswahili cha mji ule na alipenda picha za namna hii. Akanunua. Wakaongea. Tshibumba akamweleza ndoto yake ya kuchora historia yote, na Fabian akakubali kuzinunua zikiwa tayari. Basi kati ya mwaka huo na 1974 mchoraji akawa anakuja na picha kwa mafungu. Zinapangwa sebuleni kwa Fabian, kinasa sauti kinawashwa, Tshibumba anasimulia moja baada ya nyingine, kisha wanajadiliana. Zilipokwisha zilikuwa 101.

Mia na moja! Hebu jaribu wewe kuchora 10 tu kuhusu Kenya, uone utaanzia wapi.

Ziko za wafalme wa kale na za Wareno waliofika pwani ya Kongo na jahazi zao. Iko ya Livingstone, iko ya Stanley, iko ya Leopold wa Pili, yule mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya nchi nzima shamba lake binafsi. Sitakupitisha zote. Nataka ukae na mbili.

Ya kwanza ni ya mgomo wa 1941. Vita vya Pili vya Dunia vimepamba moto, Ubelgiji yenyewe imetekwa na Wajerumani, na migodi ya Katanga inafanyishwa kazi usiku na mchana kwa ajili ya vita. Bei za vitu zimepanda, mshahara umekaa palepale. Desemba mwaka huo wafanyakazi wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, na askari wakawafyatulia risasi. Serikali ilihesabu maiti kwa makumi, watu wa mji walihesabu zaidi ya hapo. Mmoja wa waliouawa ni kiongozi wao, Léonard Mpoyi, na mdomoni mwa watu ni gavana mwenyewe, Maron, aliyemwua kwa mkono wake.

Tshibumba hakuwepo. Alizaliwa miaka sita baadaye. Lakini wazee wa mitaani walikuwepo, na wajane walikuwepo, na huo ndio uwanja ambao watoto wa mji waliendelea kuchezea mpira. Akauchora: gavana, askari, wafanyakazi, damu kwenye nyasi. Hakuna mnara wa serikali uliowakumbuka watu wale kama picha hii ya gunia la unga ilivyowakumbuka.

Ya pili ni ya kifo cha Lumumba. Huenda unaijua habari yenyewe, lakini ngoja uone alivyoichora. Miili mitatu imelala chini: Lumumba, Mpolo, Okito. Kwa mbali, kwenye upeo wa macho, misalaba mitatu imesimama. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kanisani Ijumaa Kuu anaelewa bila kuambiwa. Damu inayotoka mwilini mwa Lumumba inatiririka kwenye ardhi, na inapotiririka inaandika neno moja la Kifaransa: umoja. Kwa Tshibumba, Lumumba alikuwa Yesu wa nchi yake, aliyeuzwa na watu wake na kuuawa kati ya wawili. Na picha hii, kumbuka, inachorwa kando ya mahali penyewe. Waliowahi kumwona Lumumba akishushwa kwenye ndege wako hai. Wapo waliompiga, nao wanapita barabarani.

Mobutu, ambaye mkono wake ulikuwemo katika kuanguka kwa Lumumba, alikuwa amemtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Kwa hivyo kumchora hakukuwa kosa. Lakini kuuliza nani alimuua, na kwa amri ya nani, lilikuwa jambo lingine kabisa. Ukifuata mazungumzo ya Tshibumba kuhusu miaka ya Mobutu unaona mtu anayeuma na kupuliza. Anasifu, kisha anaweka kitu kidogo pembeni ya sifa kinachokufanya ugeuke uangalie tena. Picha za mwisho za mfululizo ule zinaacha yaliyopita na kutazama mbele, chama kimoja kikimeza kila kitu, na moja alisema ilimjia ndotoni. Ukitaka kusema jambo ambalo hupaswi kulisema, ndoto ni njia nzuri. Nani atamkamata mtu kwa alichoota?

Wasomi walipoziangalia picha hizi hawakukosa la kusahihisha. Tarehe hii si sawa. Huyu hakukutana na yule. Hili lilitokea mahali pengine. Ni kweli, alikosea mahali pengi, na wewe ukimsoma utayaona makosa. Swali la gavana na Mpoyi, kwa mfano, mahakama ingetaka ushahidi zaidi ya midomo ya watu. Fabian, na hapa nampa heko, hakukimbilia kalamu nyekundu. Alimchukua kama mwanahistoria mwenzake anayepanga mambo kwa hoja yake: anachagua, anaunganisha, anaweka matukio mawili karibu ili uone yanafanana. Mimi sitaki tudanganyane kwamba tarehe hazina maana. Zina maana, ndiyo sababu nimekujazia hapa. Ila ukiwa na orodha ya tarehe sahihi pekee hutajua kwamba karani wa Lubumbashi alipotazama Lumumba aliona Kalvari.

Haya, turudi nyumbani.

Ukishuka Nairobi na matatu za Machakos, ukatembea kuelekea City Market, utapita barabara inayoitwa Muindi Mbingu. Ni nani huyo? Usiende kwenye simu kwanza. Waulize wenzako watano darasani au kwenye stejini, halafu uhesabu wangapi wanajua.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi na wanaharibu udongo. Dawa yao ikawa kuwanyang'anya watu mifugo na kuipiga mnada kwa bei ya kutupa, na wakati huohuo hapo Athi River kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kinahitaji ng'ombe wa kuchinja. Mkamba na ng'ombe wake, unajua mwenyewe. Ng'ombe ndio benki, ndio mahari, ndio jina la mtu. Mwezi wa Julai watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka Machakos wakaenda mpaka Nairobi, kijana Samuel Muindi Mbingu akiwa mbele yao, kumtafuta gavana ana kwa ana. Walipiga kambi huko wiki kadhaa, wakagoma kuondoka. Gavana ilibidi mwishowe aje Machakos mwenyewe kuzungumza na watu. Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, mbali na kila aliyemjua. Lakini ule unyang'anyi wa ng'ombe ulisimamishwa kabla mwaka haujaisha.

Habari kubwa hivyo, na imetokea hapahapa, kwenye njia unayopita ukienda chuo. Umewahi kuiona ukutani kwa mtu yeyote? Kwa shangazi yangu sijaiona. Tumeiweka kwenye kibao cha barabara Nairobi, tukaenda zetu.

Na si kwamba Ukambani hatuna mikono. Wamunyu, hapo Mwala, ndiko uchongaji wa vinyago vya Wakamba ulikoanza kuwa biashara, tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi alioupata Tanganyika. Leo twiga na simba wa Wamunyu wako kwenye makabati ya watu mpaka Ulaya. Kazi safi, imesomesha watoto wengi, siwezi kuidharau. Lakini angalia mnunuzi ni nani. Twiga yule amechongwa kwa ajili ya mgeni anayekwenda zake, na mgeni hana haja ya kuulizwa maswali na twiga. Tshibumba alichora kwa ajili ya mtu wa mlango wa tatu, anayemjua, ambaye angemkuta kesho yake barabarani akamwambia picha yako imemfanya baba mkwe alie. Nafikiri tofauti kati ya kazi hizo mbili haiko kwenye kipaji hata kidogo. Ni nani anayelipa, na anataka akumbuke nini.

Hapo kuna jambo linalonikera kuhusu maisha ya Tshibumba mwenyewe, na ni haki nikuambie. Zile picha 101, kazi kubwa ya maisha yake, hazikutundikwa sebuleni kwa karani yeyote wa Lubumbashi. Zilinunuliwa na mgeni, zikaondoka naye. Bila mgeni huyo zisingechorwa zote, maana hakuna mfanyakazi wa mgodini mwenye ukuta wa picha 101 wala mshahara wa kuzilipia. Na bila kinasa sauti chake tusingejua hata neno moja alilosema. Lakini ni hivyo: mtu aliyetaka kuwakumbusha watu wake aliimaliza hadithi yake mbele ya hadhira ya mtu mmoja.

Mambo yalianza kuharibika haraka baada ya hapo. Bei ya shaba duniani ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, na mji unaoishi kwa shaba ukaanguka nayo. Mishahara ikawa haitoshi unga, sembuse picha. Mwaka 1977, na tena 1978, waasi wakavamia jimbo kutokea Angola, vita vikafika Kolwezi, jeshi la Mobutu likawa linamshuku kila mtu wa Shaba. Mchoraji aliyezoea kuuza kwa majirani akabaki akiwategemea wageni wachache, wasomi wa Ulaya na Kanada waliokuwa wakikusanya picha za Kongo. Walikuwa wakiandikiana barua. Tshibumba alikuwa na mke na watoto wa kulisha, na aliendelea kuchora.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, barua zikakoma. Habari zake za mwisho ni za mwaka 1981 au karibu na hapo, akiwa na miaka 34 hivi. Waliomtafuta baadaye hawakumpata. Hakuna kaburi linaloonyeshwa wageni, hakuna tangazo la mazishi, na miaka zaidi ya 40 imepita. Wote wanaoandika juu yake wanamhesabu miongoni mwa marehemu. Mtu aliyechora vifo vya wengi kwa majina na tarehe, cha kwake hakina hata siku.

Picha zake zikaendelea bila yeye. Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu kikubwa chenye picha zote 101 na mazungumzo yao. Mwaka 1999 jumba moja la sanaa ya Kiafrika jijini New York lilifanya maonyesho ya picha za Lumumba zilizochorwa na wachoraji wa mitaani wa Kongo, yeye akiwa kinara. Mfululizo wenyewe uko Amsterdam, Uholanzi, katika makumbusho yaliyojulikana kwa miaka mingi kama Tropenmuseum. Mwaka 2017 ukapelekwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Documenta, ambayo ni kama Kombe la Dunia la wachoraji. Watu walipanga foleni, tiketi mkononi, kuangalia kitambaa cha gunia la unga.

Nauli ya Amsterdam huna, wala mimi sina. Lakini kuna kitu unacho ambacho wengi wa waliopanga foleni Kassel hawakuwa nacho. Mazungumzo ya sebuleni kwa Fabian yamenakiliwa neno kwa neno na kuwekwa kwenye intaneti, katika hazina ya Kiswahili cha mitaani iliyojengwa chini ya chuo kikuu cha Amsterdam. Yako bure. Bando ya siku moja inatosha. Kule Ulaya watu wanahitaji tafsiri iliyo pembeni ili wamwelewe. Wewe utamsoma moja kwa moja, utacheka kidogo na Kiswahili chake, utakwama hapa na pale kwenye Kifaransa, kisha baada ya ukurasa mmoja au miwili sikio litazoea. Utamkuta anaeleza ni nani amesimama wapi, nani anapigwa, na kwa nini bendera iko pale. Anza na ya mgomo wa 1941.